Deshibodi ya mbao: usianze na msasa

Ndugu, umeuliza kama upige msasa hadi mbao ing'ae kama ilipotoka kiwandani. Tafadhali usifanye hivyo! Kwenye magari mengi ya zamani ile si mbao nzima, ni ganda jembamba, mara nyingi chini ya milimita 1, lililogundishwa juu ya plaiwudi. Mashine ya msasa italitoboa mara moja. Kilichopasuka na kuwa manjano ni vanishi tu. Ilainishe kwa hewa ya moto kidogo kidogo, uikwangue kwa kisu butu. Ukizidisha joto, gundi ya ganda itaachia. Rangi ya asili? Chomoa betri, toa mita ya mwendo, utazame chini ya ukingo wake. Pale jua halijafika, rangi ingali ileile.