A-level ya dansi au BTEC?

Mdogo wangu, unaishi Uingereza na unasita kati ya A-level ya dansi (masomo ya kabla ya chuo kikuu) na BTEC (kozi ya vitendo ya ngazi hiyohiyo), ukidhani A-level ni kucheza tu. Hapana! Kwenye mtaala wa AQA, moja ya bodi za mitihani za huko, nusu ya alama hutoka kwenye mtihani wa kuandika wa saa mbili na nusu, unapochambua kazi za watunzi wa dansi. Nusu nyingine ni kucheza peke yako, kucheza kwenye kundi, na kutunga dansi yako mwenyewe. Kama insha zinakutoa jasho, mimi ningechukua BTEC, maana inaegemea zaidi miradi na maonyesho. Vyuo vya dansi vyenyewe hutazama sana usaili wa kucheza mbele yao, kwa hiyo usiache mazoezi ya nje ya shule. Ila kabla hujajaza fomu, muulize mwalimu mtakuwa ukumbini saa ngapi kwa wiki.