Amplifaya Isiyo na Mchoro: Maswali na Majibu

Safari hii barua karibu zote zimezunguka jambo moja: amplifaya za gitaa za valvu (vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti), zilizotengenezwa kwa mkono, chache, ghali, na zisizo na mchoro wa saketi. Kumbe huku Nyanda za Juu Kusini wapo wenye nazo, na wapo wanaotaka kuziiga. Barua nimezifupisha, salamu nyingine nimebaki nazo mimi.

Kamwene fundi. Vijiweni wanasema kuna Mmarekani aliyekuwa anazimwagia gundi amplifaya zake ndani ili mafundi wengine wasione. Ni kweli? Na kama ni kweli, mtu anazisomaje? – Mpiga solo, Mafinga

Kamwene. Ni kweli. Alikuwa Alexander Dumble wa California, aliyefariki mwaka 2022. Alijenga amplifaya moja moja na kuirekebisha ifuate mkono wa mteja. Santana amepigia za kwake, na Robben Ford, na Stevie Ray Vaughan. Katika nyingi alifunika sehemu ya saketi kwa gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe.

Lakini jiulize gundi ile inafunika nini. Inafunika rizista (vipuri vinavyozuia mkondo) na kapasita (vipuri vinavyoshika chaji na kupitisha sauti). Soketi za valvu haiwezi kuziziba, maana valvu huchoka na lazima zibadilishwe. Kwa hiyo miguu ya kila valvu iko wazi, na kwenye miguu hiyo unapima volti zote unazotaka. Kisha ingiza sauti ya kujaribia, hata programu ya simu inatosha, uone inavyokua au kufifia kutoka valvu moja hadi nyingine.

Chukua kapasita iliyo kati ya valvu mbili. Ya mikrofaradi 0.022 ikikutana na rizista ya megaomu 1, inaanza kukata besi kwenye hezi 7 tu, yaani haikati kitu chochote cha gitaa. Ya 0.0022 ikikutana na rizista ya kilo-omu 470, inaanza kukata kwenye hezi 154 hivi, na uzi mnene wa gitaa unalia kwenye hezi 82. Hiyo utaisikia. Sasa igeuze hesabu: sauti ikianza kufifia karibu na hezi 150, na rizista umeipata kwa testa, kapasita imeshajitaja yenyewe ndani ya gundi.

Wapo pia waliokwangua gundi kwa joto na subira, michoro ikatoka. Walikuta saketi ya ukoo wa Fender, ile kampuni ya Marekani, iliyoongezewa hatua mbili za valvu za kukwaruza sauti. Uzuri ulikuwa kwenye uchaguzi wa vipimo na sikio la aliyevichagua.

Fundi, shikamoo. Kwaya yetu ina amplifaya ya valvu iliyoachwa na mgeni zamani. Haina jina wala karatasi. Imeanza kukoroma, na fundi wa hapa anasema bila mchoro haigusi. Nataka nichore mwenyewe. Nianzie wapi? Ndaga fijo. – Mpiga gitaa wa kwaya, Tukuyu

Marahaba. Fundi wenu namheshimu, ni bora kuliko anayebadilisha vitu kwa kubahatisha. Ila mchoro mnaweza kuutengeneza wenyewe.

Kwanza uhai wako. Ndani mle kuna kapasita kubwa zinazoweza kushika volti 400 na zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa. Tafuta rizista ya kilo-omu 10, wati 10, ifunge kwenye waya wenye ganda zuri. Chomoa plagi, iunganishe rizista kati ya chanya ya kapasita na chasisi (bati linalobeba saketi), hesabu mpaka kumi bila haraka, kisha pima. Testa ikisoma chini ya volti 2, endelea. Ikisoma zaidi, rudia. Kapasita ziko zaidi ya moja, zipime zote. Na utakapopima umeme ukiwa umewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni. Sifanyi mzaha. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme mkubwa, mkae wawili na huyo fundi wenu.

Siku ya kuiwasha tena mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfuatano na amplifaya. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani na balbu imekuokolea transfoma.

Kuchora sasa. Usianzie kwenye ubao wenye rizista, utapotea. Anzia kwenye soketi za valvu, kwa sababu miguu yake haibadiliki dunia nzima. Zile ndogo za miguu tisa huenda ni 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Ndani yake mna valvu mbili: anodi (sauti inapotokea) ni mguu wa 1 na wa 6, gridi (inapoingia) ni 2 na 7, kathodi (inayotoa elektroni) ni 3 na 8, na 4, 5 na 9 ni za hita, waya wa kuipasha moto. Kama kubwa ni 6L6 au EL34, anodi ni mguu wa 3, skrini (gridi ya pili) 4, gridi 5, kathodi 8, hita 2 na 7. Kumbuka miguu inahesabiwa ukiitazama soketi kwa chini, kuelekea mwendo wa saa. Ukihesabu kwa juu utachora amplifaya iliyogeuka kama kwenye kioo, na ninamfahamu mtu aliyefanya hivyo. Ninamfahamu vizuri sana.

Fuata kila mguu mpaka mwisho wa waya wake, andika, kisha rudi uchukue mwingine. Piga picha kabla hujasogeza chochote.

Ukimaliza, usiuamini mchoro wako mpaka volti ziukubali. Tuseme kathodi inasoma volti 1.5 na rizista yake ni kilo-omu 1.5. Mkondo ni miliampea 1. Mkondo huohuo unapita kwenye rizista ya anodi. Kama hiyo ni kilo-omu 100, lazima ipoteze volti 100. Umeme ukiingia juu ukiwa volti 250, anodi isome 150. Ikisoma 190, mmoja kati yenu anadanganya: umesoma rangi vibaya, au rizista imebadilika, au kathodi mbili zinatumia rizista moja na mkondo ulipaswa kugawanywa kwa mbili. Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo, na nimekesha usiku mwingi kwa ajili ya volti arobaini kama hizo.

Andika pia umeme wa ukutani. Mimi niliwahi kuchora amplifaya moja kwa siku nzima hapa Mbeya, nusu asubuhi na nusu jioni. Hesabu za asubuhi zilikubali, za jioni zikagoma. Nikang'oa rizista zisizo na kosa, nikazipima, nikazirudisha. Kumbe jioni, mtaa mzima umewasha pasi na majiko, umeme umeshuka kutoka 230 hadi karibu 200. Palipokuwa na volti 450 ndani panabaki 390, na hita ya volti 6.3 inapata 5.5, chini ya kiwango chake. Tangu siku hiyo kila karatasi yangu ina saa na volti za ukutani kwenye pembe ya juu.

Kuhusu kukoroma, Tukuyu mvua yenu naijua. Kapasita za zamani za karatasi hunyonya unyevu na kuvujisha umeme. Zima, toa chaji, fungua upande wa kapasita unaokwenda kwenye gridi ya valvu inayofuata. Washa, upime volti za DC kati ya upande huo ulio wazi na chasisi. Zikishapanda na kutulia zinapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukikuta volti kadhaa zinakaa hapo, mgonjwa umempata. Rizista za kaboni nazo hupanda kwa uzee. Ukiona rangi za kahawia, nyeusi, njano na testa inasema kilo-omu 118, chora 100, kisha andika 118 pembeni kwa penseli. Ya kwanza ni nia ya aliyejenga, ya pili ni habari ya leo.

Mwanangu fundi, mimi ni mzee wa enzi za Tancut Almasi hapa Iringa, sasa nimestaafu na mikono haitaki kukaa bure. Nimejenga nakala ya amplifaya ya Trainwreck Express kwa mchoro sahihi na vipimo sahihi. Volyumu ikipita nusu inapiga filimbi. Nimekosea wapi? – Mzee wa Kihesa

Shikamoo mzee wangu. Inawezekana hujakosea mchoro hata kidogo. Ken Fischer wa New Jersey, aliyefariki mwaka 2006, alizijenga Trainwreck chache sana na kuzipa majina ya wanawake badala ya namba. Ukiitazama Express kwenye karatasi unaweza kuidharau: 12AX7 tatu, EL34 mbili, basi. Kilichomsumbua Fischer ni mahali waya unapopita.

Hatua moja ya 12AX7 hukuza sauti mara 50 hivi. Hatua tatu mfululizo, ukiacha kinachopotea kwenye toni, ni mara 125,000. Kwa ukuzaji huo waya wa anodi ya mwisho ukipita jirani na waya wa gridi ya kwanza, hewa iliyo kati yao inakuwa kapasita. Ni ndogo mno, lakini inatosha kurudisha sauti ilikotoka, na filimbi inaanza. Mchoro hauonyeshi hilo kwa sababu hakuna aliyelichora.

Tafuta kijiti cha mwanzi mkavu (Iringa mwanzi hamkosi, ulanzi tuuache pembeni leo). Pandisha volyumu mpaka ilie, kisha kwa kijiti sogeza waya mmoja mmoja kidogo tu, mkono mwingine ukiwa mbali na chasisi. Filimbi ikibadilika sauti au kukoma, huo ndio waya. Waya za gridi zifupishe na zilaze chini kwenye chasisi. Za anodi ziinue mbali nazo, na zikilazimika kukutana zikatane kama njia panda, zisitembee sambamba. Ukiwa unaiga amplifaya ya aina hii, picha nzuri ya tumbo lake inakufaa kuliko mchoro.

Transfoma ya kutolea sauti imefutika maandishi. Nitajuaje ni ya omu ngapi bila kuifungua? – Njombe

Ichomoe kabisa kwenye saketi. Chukua transfoma ndogo ya volti 12 za AC, ziingize kwenye waya mbili za upande wa anodi, upime kinachotoka upande wa spika. Tuseme inatoka 0.54. Gawanya 12 kwa 0.54, unapata kama 22. Zidisha 22 kwa 22, ni 484, zidisha kwa spika ya omu 8: karibu omu 3,900. Hiyo inaendana na 6L6 mbili. Usije ukageuza ukaziingiza hizo 12 upande wa spika, kwa kuwa kule kwingine zitatoka zaidi ya volti 250, na vidole vyako vitakuwa vimeshika waya.

Kuchora kazi ya mtu na kuijenga si wizi? – Mlokole, Makambako

Kujenga yako ukapigia kanisani, dhamiri yangu hainisumbui. Kubandika jina la mwenzako kwenye boksi lako ukauza, huo ni wizi na unajua. Biashara yote hii imekua kwa kusomana. Mwaka 1962 duka la Jim Marshall kule London lilitaka amplifaya ya nyumbani, mafundi wake wakachukua Fender Bassman ya Marekani wakaifuata karibu rizista kwa rizista. Valvu ya kwanza ya Fender ilikuwa 12AY7, yenye nguvu ya kukuza 44 hivi. Wao wakaweka ECC83 yenye 100. Spika nne za inchi 10 zilizo wazi nyuma zikawa nne za inchi 12 ndani ya kabati lililofungwa. Na rizista ya kilo-omu 27 inayorudisha sauti kutoka kwenye spika haikubadilishwa, ila iliungwa kwenye tawi la omu 16 la transfoma ya kutolea sauti badala ya omu 2, kwa hiyo ikawa inarudisha volti mara 2.8 zaidi. Aliyetazama thamani ya rizista tu asingeliona hilo. Ikatoka sauti nyingine kabisa.

Kaka fundi, mimi ni mwanafunzi wa ufundi, nakaa Mwanjelwa. Bibi ana redio ya zamani ya valvu, haitumiki. Naweza kuzitoa valvu zake nijengee amplifaya ya gitaa? – Kijana wa Mwanjelwa

Zisome namba kabla hujafungua hata skrubu moja. Ukikuta EL84 una bahati, redio nyingi za Ulaya za kuchomeka ukutani zilikuwa nayo, na ndiyo valvu iliyoipa amplifaya ya Vox AC30 sauti yake. Lakini redio nyingi zilizofika vijijini zilikuwa za betri, kwa sababu umeme haukuwepo, na valvu zake huanza na herufi D: DK96, DAF96, DL96. Hizo zilibuniwa zisimalize betri. Ile ya mwisho, inayosukuma spika, haitoi hata nusu wati, na gitaa lako litazimwa na mtu anayesonga ugali chumba cha pili.

Kama ni hizo, chora saketi yake kama mazoezi. Ina valvu nne tu, na kwa kuwa haina betri huna cha kukupiga. Kisha ifunge, ipanguse vumbi, uirudishe kabatini kabla bibi hajauliza.