Huyu binti wa Kibohora, mbona kachorwa vile?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi najifunza kuchora, nimeona picha ya mchoro wa rangi za mafuta, binti wa Kibohora (ile jamii ya Waislamu wenye asili ya India) wa Zanzibar, 1945, rangi nene utadhani zimebandikwa, sura yenyewe si kama ya foto ila kila nikiiacha naikumbuka narudi tena. Aliyechora hakujua au alitaka iwe hivyo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Alijua tena sana, alitaka iwe hivyo. Huo mchoro ni Bahora Girl wa Irma Stern, mama wa Afrika Kusini aliyezaliwa 1894, wazazi wake Wayahudi wa Kijerumani, kwa hiyo uchoraji kausomea Ujerumani. Huko 1916, Vita Kuu ya Kwanza imepamba moto, akamchora mtoto wa kike aliyekondeshwa na njaa, mwalimu wake hakuupenda kabisa ule mchoro basi wakaachana, akaja kushikwa mkono na Max Pechstein, mmoja wa wale wachoraji wa ekspreshenizimu. Hawa walikuwa wanasema rangi isifuate ngozi, ifuate moyo. Ndo maana unaona kivuli cha shavu kinaweza kuwa kijani na jicho likawa kubwa kuliko la kweli, anachora alivyoguswa na yule mtu.

Zanzibar alikwenda mara mbili, 1939 na 1945, akapapenda mpaka akanunua mbao za milango ya zamani iliyonakshiwa akazifanya fremu za michoro yake, yani nakshi za mafundi wetu ndo zimeizunguka. Mwaka 2010 huo wa binti uliuzwa mnadani kwa zaidi ya randi milioni 26.

Mimi kinachoniuma ni kimoja, yule binti alikaa pale akatazamwa saa nzima labda zaidi, halafu jina la mchoro likataja jamii yake tu, yeye mwenyewe hatajwi, na ukitazama yale macho unaona kabisa alikuwa na lake la kusema.

Sasa wewe weka simu pembeni, mwombe dada yako akae dirishani, umtazame kwanza bila brashi hata robo saa, ndo uanze. Ukimaliza geuza turubai nyuma uandike jina lake na tarehe. Na usikimbilie kupaka vanishi, rangi ya mafuta ikiwa nene hivyo juu inakauka mapema lakini ndani inachukua miezi.