Re: Anwani toka kwenye koordineti kwa PostGIS, nahitaji seva gani?
Mkuu simama hapohapo. Umesema una koordineti za nyumba za Chicago, PostGIS (kile kiongezo cha ramani cha hifadhidata ya PostgreSQL) ikutolee anwani kwa data za TIGER, halafu faili liende kwa mchapaji wa bahasha moja kwa moja. Hiyo moja kwa moja ndo iliyonilaza njaa mimi.

TIGER za sensa ya Marekani hazina nyumba ndani, zina vipande vya barabara, kila kipande na namba ya kuanzia na ya kuishia, kushoto na kulia. Fomula ya PostGIS, ST_LineLocatePoint, inakwambia pointi imeangukia wapi kwenye kipande, kati ya 0 na 1, basi unapiga hesabu. Kipande cha 1200 hadi 1298, umepata 0.5, inatoka 1249, upande ule ni wa shufwa unasogeza iwe 1250. Kwenye skrini inapendeza balaa. Sasa nenda mtaani, kuna 1248, mlango unaofuata 1252. Hiyo 1250 haipo na haijawahi kuwepo! Chicago wanagawa namba 800 kwa maili, hata pakiwa maegesho matupu namba zinahesabiwa tu.

Nilichapisha zote. Barua zikaanza kurudi, mteja akakata stempu na uchapaji kwenye hela yangu, nikabaki namwangalia. Na yule mwalimu wa kozi niliyemlipa, alijaribu vipointi viwili vitatu vya katikati ya mji akatamba "mnaona, anwani kamili hii". Zile bahasha natamani nimrundikie yeye, ila anwani yake ninayo ya kukisia 😂

Na bado vichochoro. Gereji za kule nyingi ziko nyuma, dereva anaweka alama ya ramani kichochoroni, barabara ya karibu inakuwa ya mtaa wa pili, hata jina la mtaa si lako tena.

NAMBA YA KUKISIA ISIKAE KOLAMU MOJA NA NAMBA HALISI. Ipe kolamu yake, pembeni weka umbali hadi barabarani kwa mita, koordineti zigeuze ziwe geography, aina ya data ya PostGIS inayopima kwa mita, la sivyo utapewa digrii. Kisha linganisha na pointi za anwani za Cook County, kaunti ya Chicago, namba isiyokuwemo haichapwi, mteja anune asinune.

Faili umeshampa mchapaji? Kama ndiyo mpigie sasa hivi, mengine baadaye.