Kupima umezaji wa dawa za presha Malindi

Daktari, umeuliza uanzeje utafiti wa wagonjwa wa presha wanaoacha dawa hapo Malindi, ukiwa bado unahudumu kliniki. Usitegemee dodoso peke yake. Mgonjwa hataki kumuudhi daktari wake, atakwambia anameza kila siku.

Chukua rejista ya dawa ya miezi 6. Jumlisha siku alizokuwa na dawa mkononi, gawanya kwa siku za kipindi, zidisha kwa 100. Aliyepewa vidonge 135 vya amlodipini (dawa ya presha), kimoja kwa siku, ndani ya siku 180, ana asilimia 75. Kizingiti kilichozoeleka ni asilimia 80; aliye chini yake huhesabiwa hamezi dawa ipasavyo.

Wengi huteleza hapa: dawa ikiisha hospitalini, mgonjwa hununua duka la dawa na rejista haioni. Muulize, kisha hesabu vidonge nyumbani kwake (akiwa ameridhia) bila kutangaza siku, la sivyo vilivyobaki vitamwagwa ili aonekane amemeza. Ramadhani ichambue kando, kwani dozi ya asubuhi huhamia futari au daku, na nyingine husahaulika.

Kabla ya kugusa faili lolote, pata kibali cha kamati ya maadili, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayoruhusu utafiti. Msimamizi wa utafiti mtafute KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya), Kilifi.