Muulize Mwalimu wa Mbwa: Niongee na mbwa wangu ringini au ninyamaze?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina jike la Labrado la miezi 14, nimeanza kumpeleka kwenye maonyesho mwaka huu. Nimezoea kuongea nae muda wote, tukizunguka, tukisimama, hata jaji akiwa anamshika, manake nikinyamaza namuona anapoa. Juzi tulivyotoka ringini mama mmoja mzoefu akaniita pembeni akaniambia mbwa wako mzuri ila mdomo wako ndo unamharibia, unaongea kama redio. Raundi iliyofuata nikakaa kimya kabisa, mbwa akashusha mkia, masikio nyuma, akawa ananitazama tu usoni. Sasa nishike lipi? Na kuna sheria yoyote inayokataza? (Mama Labrado)

JIBU: Marahaba mama. Nianze na sheria maana hiyo ni fupi. Kwenye ringi ya kawaida, ile ambayo jaji anaangalia umbo na mwendo, hukatazwi kuongea na mbwa wako. Anayetakiwa kuachwa na utulivu wake ni jaji, usimuanzishie stori, akikuuliza umri wa mbwa jibu umri basi. Ringi ya utii ni habari nyingine, kwa kanuni za AKC, chama cha mbwa cha Marekani, ukirudia amri katikati ya zoezi unakatwa pointi, ila zoezi likiisha unaruhusiwa kumsifia kabla ya linalofuata. Halafu huohuo AKC wana mchezo wa rali, mnapita vituo vyenye vibao vya mazoezi, ambao unaruhusiwa kumsemesha mbwa na kumpa moyo njia nzima. Kwa hiyo mtu akikwambia ringini hatuongei, muulize ringi ipi.

Sasa tuje kwenye mkia wa binti yako. Kwa maelezo yako huyu mbwa hajawahi kufanya kazi bila sauti yako, kwake sauti ndo dalili kwamba mambo yako sawa, halafu siku moja mbele ya watu na mbwa wageni sauti ikakatika ghafla. Yeye akaelewa kuna tatizo. Hapo kosa sio la mbwa, na kunyamaza kwenyewe sio kubaya, kubaya ni kumfanyia ringini kitu ambacho hamjawahi kukifanyia mazoezi.

Ila na yule mama ana hoja, na hii ndo sehemu nataka uisome polepole. Mbwa anayesemeshwa mfululizo anaacha kusikiliza. Jina lake likitajwa mara ishirini kwenye mzunguko mmoja na hakuna kinachofuata baada ya kutajwa, jina linakuwa kelele tu, na siku unayolihitaji kweli, labda kuna mbwa kamrukia jirani yako na unataka wako akuangalie wewe, unaita haitiki. Sauti ni kifaa cha kazi sawasawa na kamba uliyoshika mkononi, na kamba huivuti muda wote.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu wako upande wa juu wa kamba. Jaji akikwambia nenda moja kwa moja halafu urudi, ukienda anaangalia miguu ya nyuma, ukirudi anaangalia ya mbele. Ukiwa unamsemesha, mbwa anageuza kichwa juu kwako, kichwa kikigeuka bega linafuata, mwili unakaa mshazari na miguu haiendi tena kwenye mstari mmoja. Jaji anaona mbwa anayetembea upandeupande, na hana namna ya kujua kwamba nyumbani anatembea vizuri. Kwa hiyo kwenye mstari ule sema neno lako kabla ya kuanza, akishachanganya mchakamchaka nyamaza mwache atazame mbele. Ukiona anapunguza, au anaanza kutupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja badala ya kwenda mchakamchaka, mpe sauti fupi fupi za haraka, "hap hap", na wewe mwenyewe ongeza mguu. Kwenye kona mwambie hatua mbili kabla hujafika, ukimwambia mkiwa ndani ya kona tayari ameshapoteza mwendo.

Sauti zenyewe zina kazi tofauti. Fupi, za haraka na zinazopanda zinamwamsha, ndefu ya chini inayoshuka inamtuliza. Nimeona watu wengi sana wanapanga miguu ya mbwa asimame huku wanasema "kaa hapo kaa hapo kaa hapo" kwa haraka na sauti nyembamba, mbwa anachezacheza, wao wanazidi. Mdomo unasema tulia na sauti inasema twende. Sema "simaaama" mara moja, taratibu, huku unatoa pumzi, halafu acha mkono umalizie.

Na usidhani sifa ya mdomoni tu inamtosha. Mwaka 2016 watafiti wa Budapest, Attila Andics na wenzake, walitoa matokeo ya mbwa 13 waliofundishwa kulala bila kutikisika ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Ile sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliitikia pale neno la sifa lilipokuja na sauti ya sifa, vyote viwili kwa pamoja. "Mzuri mzuri mzuri" ya mtu aliyekazwa koo haimfikii, bora moja ya kutoka moyoni ukishapata alichokifanya sawa.

Jaji akija kumshika, hapo mimi naunga mkono kuongea, ila maneno mawili matatu tu, na yawe anayajua. Mfundishe nyumbani "meno" kila mara kabla ya kumfunua mdomo, na "mikono" kabla mtu hajampapasa mgongo na mapaja, akizoea linakuwa taarifa kwake, anajua kinachokuja na hashtuki. Ukishalisema kaa kimya mpaka jaji amalize. Kumbembeleza "usiogope mama, usiogope" kwa sauti ya wasiwasi huku jaji anainama kunampa mbwa mchanga sababu ya kujiuliza huyu mtu ana nini. Wala usipaze sauti, masikio ya mbwa ni makali, mnong'ono akiwa pembeni ya goti lako anaupata vizuri kabisa.

Mazoezi: weka simu irekodi mkiwa mnazunguka nyumbani, halafu sikiliza bila kuangalia picha. Utajisikia wapi ulikuwa unamwambia mbwa kitu na wapi ulikuwa unajituliza wewe. Haya ya pili ndo ya kupunguza, kidogo kidogo, leo nusu mzunguko kimya halafu sifa na kipande cha ini, kesho mzunguko mzima, mpaka ukimya nao awe ameujua kama sehemu ya kazi. Wasiwasi wenyewe hautajificha kwake hata ukifunga mdomo, kuna utafiti wa Belfast uliotoka 2022 mbwa waliofundishwa waliweza kutofautisha kwa harufu tu jasho na pumzi ya mtu aliyebanwa na mawazo na ya mtu huyohuyo akiwa ametulia. Kwa hiyo pumua mama, pumua kabla hujavuka kamba ya ringi.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mbwa wangu anachangamka sana akimsikia mwanangu, sasa nimewaza dogo akae nje ya ringi amuite ili mbwa asimamishe masikio jaji akitazama. Vipi hapo? (Baba Dogo)

JIBU: Salama ndugu yangu. Usifanye hivyo. Kwenye maonyesho yaliyo chini ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kumvuta mbwa macho kutoka nje ya ringi kunakatazwa, na hata pasipokatazwa unawaharibia wenzako, maana dogo akiita masikio yatakayosimama sio ya mbwa wako peke yake. Tafuta kitu anachokipenda hivyohivyo ambacho wewe unaweza kukishika, mdoli mdogo mfukoni au neno ambalo nyumbani dogo hulitumia wakicheza, ulichukue liwe lako. Na siku ya maonyesho dogo akae mbali, mbwa asimuone wala asimsikie mpaka mtoke, la sivyo atakuwa anamtafuta kwa macho raundi nzima.