Bibi Muuguzi Anajibu: "Jua ni letu sote, sasa haki inatoka wapi?"

Mwezi huu bahasha yangu imejaa joto na moshi. Nimechagua barua nne. Nyingine nimezijibu faragha, na moja nimeichana kwa sababu mwandishi wake alitaka nimwambie kwamba mabadiliko ya tabianchi ni uzushi wa wazungu ili alale vizuri. Alale tu.

*Shikamoo, Bibi Muuguzi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Shuleni tuna mdahalo: mabadiliko ya tabianchi ni suala la haki. Nimepangiwa kupinga, na naona upande wangu una nguvu. Jua linawaka kwa wote, mvua ikigoma inagoma kwa wote. Haki inaingilia wapi hapo? – Mpingaji*

Marahaba, mjukuu wangu. Hoja yako naijua vizuri, maana niliishi nayo miaka mingi nikiwa na sare nyeupe mwilini. Ukikaa wodini unaona magonjwa. Njia yaliyopitia kufika kitandani huioni, na hakuna anayekulipa uiulizie.

Nenda nami hadi Chicago, Julai 1995. Joto lilipita nyuzi 40, na usiku halikushuka. Shika hilo la usiku: mchana mwili hupigana, usiku hupumzika, na ukinyimwa mapumziko siku mbili tatu mfululizo, moyo wa mzee huchoka. Joto lilipopungua, hesabu ilionyesha watu 739 wamekufa zaidi ya wanaokufa kwa kawaida kipindi hicho. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao.

Kama hoja yako ni kweli, vifo hivyo vingetawanyika sawasawa, sivyo? Mwanasosholojia mmoja, Eric Klinenberg, aliweka mitaa miwili bega kwa bega: North Lawndale na South Lawndale. Inapakana. Yote ni ya watu maskini, yote ina wazee wengi wa kuishi peke yao. Jua lao ni moja kabisa. Lakini North Lawndale walikufa watu 40 katika kila 100,000, na South Lawndale 4.

North Lawndale, wakazi wake wengi wakiwa Wamarekani weusi, viwanda vilikuwa vimeondoka, maduka yakafuata, nyumba zikabaki magofu. Mzee aliogopa kutoka, akafunga madirisha kwa hofu ya wezi, akabaki ndani kama mkate ndani ya tanuri. South Lawndale, ng'ambo ya pili, barabara zilikuwa na watu. Mzee alitoka, akaingia dukani kupoa, akakaa. Asipoonekana siku mbili, kuna aliyeuliza yuko wapi.

Jua halikufunga viwanda vya North Lawndale. Waliovifunga ni watu, kwa maamuzi yenye sahihi na mihuri. Hapo ndipo haki inapoingilia, mjukuu wangu, na imeingia miaka mingi kabla joto halijafika.

Wenzako wa upande wa pili bila shaka watakuja na hesabu za moshi, kwa hiyo jiandae. Kabla ya viwanda, hewani kulikuwa na sehemu 280 za kaboni dioksidi, gesi ya moshi inayozuia joto lisitoke duniani, katika kila milioni. Sasa zimepita 420, na gesi hiyo ikishapanda hukaa karne na karne. Afrika ina karibu watu 18 katika kila watu 100 wa dunia, lakini kwa mwaka inatoa karibu sehemu 4 tu katika kila 100 za gesi hiyo. Ni hoja nzuri. Ila kwangu mimi ile ya mitaa miwili ina makali zaidi, kwa sababu haikuachi useme "wale wa mbali ndio wabaya" kisha ukakaa. Hata ndani ya mji mmoja kuna aliyesukumwa juani.

Samahani kama nimekuharibia upande wako.

*Bibi, mimi ni fundi wa kupaua. Wiki iliyopita, saa nane mchana, nilikuwa juu ya bati. Kichwa kiligonga, nikaanza kucheka ovyo, nikamwita msaidizi wangu kwa jina la marehemu kaka yangu. Wakanishusha. Bosi anasema ni kiu tu, kesho yake akaniita kazini. Nirudi? – Wa Juu ya Bati*

Usirudi. Mwanangu, ulikuwa unaondoka.

Kiu haimfanyi mtu amwite marehemu. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halisaidii kwa kutoka tu, lazima likauke. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, jasho linachuruzika bila kukauka; bati nalo likikurudishia moto wa jua kutoka chini, joto la ndani linapanda. Likipita nyuzi 40 ubongo huanza kupotea. Hicho ni kiharusi cha joto, na dalili ya kuitazama ni akili kuyumba: maneno yasiyoeleweka, hasira za ghafla, kicheko kama chako. Usidanganyike na wanaosema si kiharusi cha joto mpaka mtu aache kutoka jasho. Anayefanya kazi ngumu anaweza kuanguka akiwa amelowa chapachapa.

Wakati mwingine ikitokea kwa mwenzako: kivulini, vueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima bila kumwonea haya, mpepeeni kwa nguvu. Kama kuna barafu, iwekeni shingoni, kwapani na kwenye kinena. Msimnyweshe kitu akiwa amechanganyikiwa, atapaliwa. Mtafutieni usafiri wa hospitali huku maji yanaendelea kumwagwa. Msisubiri kufika ndipo mumpoze, kila dakika ina thamani yake.

Wewe nenda ukapimwe, hasa figo. Kule El Salvador na Nicaragua wakata miwa vijana, wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamekuwa wakifa kwa figo kwa miaka mingi, na kazi nzito kwenye joto kali inashukiwa sana. Palipowekwa utaratibu wa maji, kivuli na mapumziko ya lazima, figo zilizoumia zilipungua. Daktari akikuruhusu, rudi taratibu. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto, kwa hiyo siku ya kwanza fanya kama sehemu ya tano tu ya kazi yako ya kawaida, kisha ongeza kidogokidogo.

Nimesoma barua yako mara mbili kutafuta kitu kimoja nikakikuta kwenye mstari wa mwisho, ambao sikuuchapa hapa: unalipwa kwa idadi ya bati. Basi nakuelewa kwa nini hukushuka mapema. Mtu anayelipwa kwa kipande, kila dakika ya kivuli anailipia kutoka mfukoni mwake. Mafundi wote wa hapo nendeni kwa bosi pamoja, mmoja asiende peke yake, mkamwambie kazi ya juu ianze alfajiri na isimame saa za jua kali, na malipo yasikatwe. Akisema haiwezekani, mwambie apande yeye saa nane, nusu saa tu.

*Bibi Muuguzi, nimechoshwa na nyinyi. Watu wanakufa kwa mafuriko na njaa, toleo lililopita mkajaza kurasa mbili kutetea ndege. Tena tumbusi! Mnyama aje baada ya binadamu. – Mwenye Hasira*

Tumbusi hawa unaowadharau, nitakueleza habari zao kwa India halafu ukasirike upya ukitaka.

Zamani nchi hiyo ilikuwa nao kwa mamilioni. Ng'ombe akifa hutupwa, tumbusi hushuka, na kwa muda mfupi hubaki mifupa. Miaka ya 1990 ndege wakaanza kutoweka, hata kwa aina moja, katika kila ndege elfu hawakusalia zaidi ya wachache. Hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa wakichunguza mizoga ya tumbusi Pakistan wakaipata: diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nimewapa wagonjwa maelfu kwa mkono wangu huu. Ilikuwa imeanza kutumika kwa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyepewa dawa hiyo, figo zake zinakufa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Kwa hiyo mizoga ikabaki. Mbwa wakala, wakazaana, na kichaa cha mbwa kikapata njia. Mizoga mingine ikaoza karibu na maji ya kunywa. Wachumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walilinganisha wilaya zilizokuwa na tumbusi wengi na zile ambazo hazikuwa nao, wakachapisha matokeo yao mwaka 2024: kati ya 2000 na 2005, watu kama laki tano walikufa ambao wangekuwa hai. Binadamu, ndugu yangu. Na si wale wenye maji ya bomba na chanjo karibu.

Tumbusi hawakuuawa na joto, najua utanibana hapo. Nimewaleta kwa sababu ya lile neno lako, "baada". Unawapanga viumbe foleni kama ya dirisha la dawa. Wamefungamana zaidi ya hapo. Hata mikoko ni hivyohivyo: ikikatwa, wimbi la kimbunga linamfikia kwanza aliyejenga nyuma yake, na aliyejenga hapo mara nyingi ni yule aliyekosa kiwanja kwingine.

*Mama, shikamoo. Tunaishi jirani na jalala. Usiku takataka zinachomwa, plastiki na kila kitu. Mwanangu ana miaka sita na pumu, mwaka huu tumelazwa mara nne. Nimelalamika kwa viongozi, wanasema lete ushahidi kwamba ni moshi. Nitautoa wapi ushahidi mimi? – Mama wa Kikohozi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikalia kifuani, nami nina deni la kukiri kabla sijakujibu.

Nilikuwa na mgonjwa kama mwanao. Kila alipokuja nilimwekea barakoa ya mvuke, kifua kikafunguka, nikampa mama yake pampu ya pumu na maelekezo, nikawarudisha nyumbani. Kadi yake ilijaa mwandiko wangu: uzito, mapigo, dawa. Hakuna mahali nilipoandika anaishi wapi, wala nini kinaungua hapo usiku. Nilimpima vizuri kisha nikamrudisha kwenye moshi uleule, na nikajiona muuguzi hodari.

London kulikuwa na mtoto mwenye pumu, Ella Kissi-Debrah, aliyeishi mita chache kutoka barabara kuu yenye magari mengi. Alilazwa karibu mara thelathini ndani ya miaka mitatu, akafa Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Uchunguzi wa kwanza haukutaja hewa. Mama yake, Rosamund, hakuridhika. Profesa Stephen Holgate, mtaalamu wa pumu, akachukua tarehe za kulazwa kwake akaziweka kando ya vipimo vya hewa vya eneo hilo, zikalingana: hewa ikichafuka, mtoto anaanguka. Desemba 2020 uchunguzi mpya ukatamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, na neno hilo likaandikwa kwenye kumbukumbu ya kifo. Uingereza haikuwa imewahi kumwandikia mtu hivyo.

Orodha mbili za tarehe, kando kwa kando. Moja wewe unayo tayari, iko kwenye kadi za hospitali.

Ya pili ianze leo. Daftari la kawaida, usitumie karatasi za kupotea. Kila usiku andika tarehe, saa moto ulipowashwa na ulipozimwa, upepo ulielekea wapi, kilichonuka. Asubuhi andika mtoto amelalaje na pampu imetumika mara ngapi. Usiku usio na moshi nao uandike, tena huo usiuruke kamwe, maana bila huo hakuna cha kulinganisha. Piga picha ya moshi ukiwa umesimama mahali palepale kila mara. Kisha gonga milango. Nyumba kumi zikiandika kwa mwezi mmoja, kiongozi hawezi tena kusema ni kifua cha mtoto mmoja. Na ukimpeleka mtoto kliniki, mwambie muuguzi aandike moshi kwenye kadi. Akisita, msimamie hapo mpaka aandike. Nami ningesimamiwa.

Kuhusu ile lugha ya "ni malalamiko tu": tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua mazingira safi na yenye afya kuwa haki ya binadamu. Kura 161 ziliunga mkono, nchi nane zilijizuia, hakuna iliyopinga. Azimio halizimi moto wa jalala, lakini liandike juu kabisa ya barua yenu ya pamoja. Na kina bibi wenzangu wa Uswisi, zaidi ya elfu mbili, wengi wamepita miaka sabini, waliishtaki serikali yao kwa kuzembea kuhusu joto linalowaua wazee. Aprili 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, iliwapa ushindi. Majirani wenye umri wangu usiwaache nje ya orodha yako. Tuna muda, na hatulali usiku.

Wakati daftari linajaa, chumba cha mtoto kiwe upande usiopata upepo wa jalala, dirisha lifungwe moto ukiwaka na lifunguliwe ukizimika. Kitambaa puani hakizuii chembe laini za moshi, usimhangaishe nacho. Pampu ya kuzuia apewe kila siku hata akiwa mzima. Ile ya dharura ikihitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki, mrudishe kwa daktari bila kungoja azidiwe.

Ukifika ukurasa wa kumi, nitumie nakala.